Pampu inawaka kwa choki tu: safisha kabureta kabla ya kununua mpya

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa nyanya hapa Ilula, Iringa. Nina pampu ya maji ya petroli, ya inchi mbili, hosipawa 6.5. Mwezi wa tatu mvua zilipokolea niliiweka stoo, petroli ikiwa imebaki kwenye tangi. Wiki hii nimeitoa. Inawaka nikiwa nimefunga choki, nikiifungua tu inakohoa na kuzima. Fundi wa hapa kasema kabureta imekufa, ninunue mpya, na kwa sasa hela hiyo sina, mbolea imeimeza yote. Jirani kaniambia niichemshe kwenye maji ya ndimu. Je, naweza kuisafisha mwenyewe nyumbani, na kwa vifaa gani? Nyanya zina wiki ya tatu tangu nizipandikize.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole, najua nyanya za wiki tatu hazingoji mtu atafute hela. Unaweza kabisa kuisafisha mwenyewe, na kwa dalili ulizonieleza sioni kwamba kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, imekufa. Imeziba.

Choki ni kibati kinachofunga mlango wa hewa. Ukikifunga, injini inanyimwa hewa, kwa hiyo inavuta petroli kwa nguvu zaidi. Injini inayoishi kwa choki peke yake inakuambia mambo matatu kwa mpigo: moto wa plagi upo, mgandamizo upo, na petroli inafika, ila inafika kidogo. Kwa hiyo usipoteze siku kubadilisha plagi. Tatizo lipo kwenye njia ya mafuta, na mara nyingi lipo mahali padogo kuliko punje ya mtama.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto haraka, vinaruka vyenyewe. Kinachobaki ni kizito, kinanata, kina rangi ya chai, na harufu yake si ya petroli tena, inakaribia ile ya kopo la rangi lililoachwa wazi. Kwenye bakuli la kabureta mafuta yanayokaa ni vijiko vichache tu, kwa hiyo huharibika mapema kuliko ya kwenye tangi. Yakikauka yanaacha utando, na utando huo unaziba jeti, yaani vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupimia petroli. Tundu la jeti kubwa halifiki milimita moja. La jeti ndogo, ile ya mwendo wa silensa, yaani injini ikiunguruma polepole bila mzigo, ni jembamba zaidi. Haihitajiki takataka nyingi kuziba tundu kama hilo.

Kabla ya kushika spana, fanya uchunguzi mmoja ambao wengi wanauruka. Chomoa kijiti cha oili, ukinuse. Sindano inayofunga mafuta ndani ya kabureta ikinasa ikiwa wazi, petroli hutiririka usiku kucha na kuingia kwenye oili ya injini. Ukiona oili imepanda juu kuliko ulivyoiacha, ni nyepesi kama maji na inanuka petroli, usiwashe tena mpaka umwage na kuweka mpya. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi chochote, na hapo utakuwa umeokoa kabureta na kuua injini.

Sasa mafuta ya zamani. Yatoe yote kwenye tangi, uyapokee kwenye chupa nyeupe ya kioo, uyaache yatulie dakika kumi. Kama kuna maji utayaona chini, yamejitenga kama tone la shanga, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli. Usiyarudishe mafuta hayo kwenye pampu, hata kama yanaonekana safi. Kagua na kifuniko cha tangi: kina kitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa vumbi, tangi linanyimwa hewa na mafuta hayashuki vizuri, na injini inaonyesha dalili zinazofanana na zako.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Spana namba 10, maana nati na boliti nyingi za kabureta hizi ni za namba hiyo. Bisibisi bapa ambayo ncha yake inaenea sawasawa kwenye mfereji wa jeti, na nyingine ndogo. Mswaki mkuukuu. Pampu ya baiskeli. Kipande cha waya laini wa umeme, ule wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani, uchomoe uzi mmoja. Nusu lita ya petroli mpya ya kuoshea. Bakuli jeupe au sahani ya bati, ili kitu kidogo kikidondoka ukione. Na simu yako, ya kupigia picha kila hatua kabla hujafungua. Springi nyembamba ya gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, imewatesa wengi waliodhani watakumbuka ilikuwa imeshikwa kwenye tundu lipi.

Kazi hii ifanyie nje, kwenye hewa, mbali na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama moshi wa majani mabichi, na unaweza kulifuata jiko la mkaa lililo mita kadhaa ukiwa huoni kitu. Watoto wakae mbali. Na tafadhali, petroli usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano.

Huna haja ya kuanza kwa kuifungua kabureta yote kutoka kwenye injini. Kwenye injini za namna hii, ambazo nyingi zimejengwa kwa mfano wa GX160 na GX200 za Honda, bakuli la kabureta liko chini na limeshikwa na boliti moja ya katikati. Funga koki ya mafuta. Weka kopo chini. Pembeni mwa bakuli kuna boliti ndogo ya kumwagia mafuta, ilegeze, yatoke. Tia petroli mpya kidogo tangini, ufungue koki kidogo boliti hiyo ikiwa bado imelegea: mafuta yakitiririka mfululizo, njia kutoka tangini ni nzima. Yakidondoka tone moja moja, tatizo limeanzia huko juu. Kwenye nyingi ya kabureta hizi kuna kikombe kidogo chini ya koki, kinachokamata uchafu na maji. Kifungue, osha kikombe na chujio lake, angalia oringi, ile pete ya mpira, isipotee.

Funga koki tena, fungua boliti ya katikati, bakuli litashuka lenyewe. Litazame vizuri kabla hujaliosha, kwa sababu lina habari. Utando wa kahawia ni petroli iliyokauka, huo unaoshwa. Mchanga mwekundu ni uchafu wa tangi au dumu. Unga mweupe uliong'ang'ania chuma ni maji yaliyokaa muda mrefu na kuanza kuila kabureta, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Sasa chuchumaa utazame juu, pale bakuli lilipokuwa. Katikati kuna mlingoti mfupi, na ndani ya mlingoti huo, kwa chini, kuna skrubu ya shaba ya njano yenye mfereji. Hiyo ndiyo jeti kubwa. Safisha mfereji wake kwanza kwa mswaki, ingiza bisibisi mpaka ikae, kandamiza kwa nguvu ndipo uzungushe polepole. Shaba ni laini. Bisibisi ikiteleza mara mbili, mfereji umekwisha, na jeti haitoki tena bila kutobolewa. Kama fremu ya pampu yako inakunyima nafasi ya bisibisi, basi kabureta itabidi itoke, nitakueleza hapo chini.

Jeti ikitoka, iinue uelekeze mbinguni, uchungulie kwa jicho moja. Unatakiwa kuona kitone cha mwanga cha duara kamili. Kama huoni kitu, au unaona mwezi mwandamo badala ya duara, umeshampata mchawi wako. Itumbukize kwenye petroli safi robo saa, kisha pitisha ule uzi mmoja wa shaba, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Puliza kwa pampu ya baiskeli. Chungulia tena. Rudia mpaka duara litimie.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Usitumie sindano ya cherehani, wala pini, wala uzi wa breki ya baiskeli. Hivyo ni chuma kigumu, na jeti ni shaba. Nilipokuwa najifunza kazi nilizibua jeti ya jenereta ya mwenye duka kwa sindano, ikazibuka mara moja, nikafurahi. Baada ya siku chache jenereta ilirudi: moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi ya sufuria, na mafuta yanaisha kabla ya taarifa ya habari. Tundu nilikuwa nimelipanua. Jeti ikishapanuliwa hairudi, na jicho haliwezi kuona tofauti, ila injini inaiona.

Juu ya jeti, ndani ya mlingoti uleule, kuna kibomba chembamba chenye vitundu ubavuni. Baada ya jeti kutoka hudondoka chenyewe, au ukikigusa kwa kijiti cha mbao kutokea juu, kwenye koo la kabureta. Kitoe, kila kitundu kipitishwe uzi. Kazi yake ni kuchanganya hewa na mafuta kabla hayajapanda kooni, na vikiziba vitundu viwili tu injini inakosa nguvu pampu inapobeba maji.

Rudisha kibomba, rudisha jeti, rudisha bakuli, ujaribu. Mara nyingi kazi inaishia hapo, bila kufungua kingine chochote. Lakini kama injini inakimbia vizuri kwa mwendo mkubwa, kisha ukiirudisha silensa inazima, au bado inadai choki kidogo, bado jeti ndogo. Wengi wanaisahau hiyo, wakimaliza wanasema kabureta imeshindikana.

Ili kuifikia vizuri, toa kabureta. Fungua chujio la hewa, nati mbili na kwa kawaida boliti moja. Chomoa bomba la mafuta. Kabureta sasa inateleza nje kwenye boliti zake mbili ndefu. Ivute nusu, uigeuze kidogo, uchomoe fimbo ya gavana na kile kispringi chake kwa utaratibu. Kati ya kabureta na injini kuna kipande kinene kinachozuia joto, kikiwa na gasketi kila upande. Zipange mezani kwa mfuatano uleule zilivyotoka, na upande uleule. Gasketi hizo zina umbo lake, ukiigeuza moja inafunika vitundu vya hewa na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao umeuleta mwenyewe.

Jeti ndogo iko juu ya kabureta, chini ya skrubu ya silensa. Izungushe skrubu hiyo ndani hadi ikwame kidogo, ukihesabu mizunguko, uiandike, kisha uitoe na springi yake. Chini yake utaona kipande cheusi cha plastiki. Kiinue taratibu kwa bisibisi ndogo, kimeshikwa na oringi tu. Mwisho wake una kijibomba cha shaba chenye tundu jembamba mno, na uzi wa shaba unaweza usipite hata mmoja. Usilazimishe. Loweka sehemu hiyo ya shaba, puliza, loweka, puliza. Kama pampu ya baiskeli haifui dafu, nenda kwa mziba pancha mwenye kompresa umwombe sekunde kumi za upepo. Puliza pia tundu la kabureta ambamo jeti hiyo ilikaa, uangalie upepo unatokea wapi. Unatakiwa kuusikia ukitoka kwenye vitundu vidogo kooni, karibu na kibati cha pili, kile cha kuongeza na kupunguza mwendo, kinachovutwa na gavana. Ile skrubu nyingine ya mchanganyiko, yenye kofia ya plastiki, iache ilivyotoka kiwandani.

Kabureta ikiwa imeshatoka, kagua na boya, lile linaloelea kwenye mafuta ya bakuli na kuisukuma sindano ifunge. Chomoa pini yake, boya litatoka na sindano yake. Litikise karibu na sikio: ukisikia mafuta ndani, limetoboka na halielei tena. Tazama ncha ya sindano. Inatakiwa kuwa laini, isiwe na mkunjo wa pete ulioingia ndani. Yenye pete haifungi sawasawa, na hiyo ndiyo inayovujisha mafuta mpaka kwenye oili. Boya na sindano vitoe kabla ya kupuliza upepo wa kompresa, usije ukaviharibu.

Kuhusu ndimu ya jirani. Asidi ya ndimu inatoa kutu na ule unga mweupe, ni kweli. Lakini mwili wa kabureta ni wa madini mepesi ambayo asidi inayala, na ukiuacha kwenye ndimu au siki usiku kucha utaukuta umefifia na kuwa na vishimo, pamoja na pale sindano inapokaa. Na kwako utando ni wa petroli, si wa kutu, kwa hiyo ndimu haigusi chanzo. Petroli mpya inautoa utando mwepesi. Uliokauka sana unatolewa na thina ya rangi za magari au ile dawa ya kupuliza ya kabureta inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Kopo moja linatosha kazi kadhaa, mnaweza kuchangia wawili watatu wenye pampu. Ila thina na dawa hiyo zinakula mpira na plastiki. Boya, oringi, sindano na gasketi vitoe kwanza, vyenyewe vifute kwa petroli tu. Usizungushe kabureta nzima kwenye ndoo ya thina kwa sababu una haraka.

Gasketi ya bakuli huenda ikakukatisha tamaa: ikishalowa mafuta inavimba na haiingii tena kwenye mfereji wake. Usikimbilie kununua. Iweke kivulini penye upepo au kwenye jua dogo kwa nusu saa hivi, itanywea yenyewe na kurudi. Ikiwa imechanika, hapo nunua. Usiipake silikoni. Petroli inailegeza, inakatika vipande, na vipande hivyo vinaenda kuketi palepale kwenye jeti uliyotoka kuisafisha.

Wakati wa kufunga, boliti zote zianze kwa vidole. Mwili wa kabureta ni laini, ukikaza kwa hasira kama unakaza gurudumu la trekta, nyuzi zinakwisha, na hapo ndipo kabureta inakufa kweli. Nati mbili za kwenye injini zikaze kwa zamu, kidogo huku, kidogo huku, ili gasketi zikae sawa. Upande mmoja ukibaki wazi, injini inavuta hewa ya wizi na itadai choki vilevile.

Tia petroli mpya, ipitishe kwenye faneli yenye chujio au kitambaa kisichotoa nyuzi. Fungua koki, kisha usivute kamba. Subiri dakika tano, ukitazama chini ya kabureta. Tone likionekana kwenye bakuli, gasketi haijakaa. Mafuta yakitokea upande wa chujio la hewa, sindano haifungi, funga koki urudi kwenye boya. Pakiwa pakavu, jaza maji kwenye pampu yenyewe kabla ya kuwasha. Najua unataka tu kusikia kama injini inawaka, lakini sili ya pampu inapozwa na maji, na ikizungushwa kavu inaungua ndani ya muda mfupi.

Funga choki, vuta. Ikishika, iache ipate joto, fungua choki nusu, kisha yote. Ikisimama yenyewe choki ikiwa wazi, ipe mzigo wa maji dakika kumi ukiisikiliza. Sauti iwe moja, isipande na kushuka kama mtu anayehema. Kuhema huko kunamaanisha bado kuna kitundu hakijafunguka vizuri, na dawa yake ni kurudi kwenye jeti ndogo na kile kibomba.

Kabureta mpya nitakushauri ununue kwa sababu chache tu: unga mweupe umekula pale sindano inapokaa, nyuzi za boliti zimekwisha, au jeti imekatika mfereji na haitoki. Za injini hizi zinapatikana na si ghali kama za magari, lakini nenda dukani na ya zamani mkononi, mlinganishe matundu ya boliti, upande wa koki na mkono wa choki. Ukishanunua, ya zamani usiitupe. Boya lake, bakuli lake na springi zake zitakufaa.

Na mwakani mvua zikikolea, kabla ya kuiingiza stoo, funga koki injini ikiwa inaunguruma, uiache imalize mafuta ya bakuli mpaka izime yenyewe. Legeza ile boliti ya pembeni, vijiko vya mwisho vitoke, uikaze. Tangi nalo litoe mafuta yote, hayo yampe mwenye bodaboda ayatumie yangali mapya. Kisha vuta kamba polepole mpaka uhisi imekuwa nzito, uiachie hapo hapo. Uzito huo ni pistoni ikipanda huku valvu zote mbili zikiwa zimefunga, na unyevu wa masika hautapata njia ya kuingia ndani ya silinda.